"Serikali Haitaki Tu Kuchimba": Imani Zinazotuchelewesha Kupata Maji Mtwara na Lindi

Juzi nilikaa tena mkutanoni chini ya mkorosho, safari hii upande wa Newala. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema: "Mwanangu, maji yapo chini ya ardhi kila mahali. Serikali haitaki tu kuchimba." Watu wakapiga makofi. Maneno hayo nimeyasikia Tandahimba, nimeyasikia Nanyamba, nimeyasikia Ruangwa. Kazi yangu ni maji ya ardhini, na kila yanapopigiwa makofi najua kijiji kimeshapoteza mwaka mwingine kikidai kitu kisichoweza kukisaidia.

"Maji yapo kila mahali, ni kuchimba tu"

Hapana, mzee wangu. Uwanda wa Makonde, yaani nyanda za juu ilipo Newala na Tandahimba, ni mchanga mnene. Mvua inanyesha ya kutosha, kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, lakini haikai. Inazama papo hapo, ndiyo maana juu ya uwanda huoni mto. Inashuka hadi ikutane na tabaka la udongo lisilopitisha maji, inatambaa juu ya tabaka hilo, kisha inatokeza miteremkoni na mabondeni. Bibi zetu waliyajua haya bila kufundishwa na mtu. Hawakuhangaika kuchimba uwandani; waliamka usiku wakashuka bondeni na vibuyu. Wahenga walipanda juu kukimbia uvamizi na biashara ya utumwa, usalama wakaupata, na mzigo wa maji wakatwishwa wanawake.

Hata mradi wa maji wa Makonde, ulioanza enzi za Waingereza katika miaka ya 1950, ulifuata maji yaliko. Mpaka leo maji ya uwandani yanapandishwa kutoka bondeni, kwenye visima vya Mitema. Na kupandisha maji ni umeme. Chukua mfano wa mlima wa mita 500: ili lita 1,000 zifike juu, yaani madumu 50 ya lita 20, pampu nzuri inakula uniti 2 na zaidi. Zidisha kwa miji na vijiji vyote vya juu, kila siku, mwaka mzima. Mtu akiniambia tatizo la uwandani ni kukosa mtambo wa kuchimbia, najua bili ya umeme ya pampu hajawahi kuiona.

Sasa mwingine atasema: basi waongeze visima huko huko bondeni. Visima vya eneo moja vinakunywa chungu kimoja. Ukiongeza mirija, chungu hakikui, kinaisha mapema. Ukanda wa pwani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, ndiko hatari zaidi, kwa sababu maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi kinaweza kuchukua miaka kurudi, kama kitarudi.

Hapa ndipo ilipo kazi ya serikali, na ndiyo kazi ambayo hakuna anayeidai. Serikali inatakiwa kupima kina cha maji mwaka hadi mwaka, kutoa vibali vya kuchota, kukataa vibali vingine, na kulinda vyanzo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka bodi za mabonde 9 nchi nzima kwa ajili hiyo; hapa bonde ni eneo kubwa ambalo maji yake hutiririka pamoja, si bonde la chini ya mlima tu. Yetu ni ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na ofisi yake iko hapa hapa Mtwara. Imewekwa kwa bonde, si kwa mkoa, kwa kuwa maji hayajui mipaka ya mikoa: chanzo cha Mbwinji kinanywesha Masasi iliyoko Mtwara na Nachingwea iliyoko Lindi. Lakini mgombea wetu tunamwuliza atachimba visima vingapi. Sijasikia hata siku moja mbunge akiulizwa kina cha maji kimeshuka mita ngapi tangu achaguliwe.

Na viongozi wanasikia tunachokiuliza. Nimewahi kusimama pembeni ya mtambo ukichimba mahali ambapo vipimo vilikuwa vimeshaonyesha hakuna maji, kwa sababu ahadi ilikwisha tolewa jukwaani. Kilichotoka ni vumbi. Fedha ile ingetosha kubadilisha mabomba yaliyochakaa ya kitongoji kizima, na niliumia sana siku ile.

Ushauri wangu ni ule ule ninaoutoa kila ninakokwenda, hata wakinichoka: kila jumuiya ya watumia maji iwe na daftari la kisima. Kamba yenye alama za mita, kitu kizito mwishoni, na mtu mmoja wa kupima kila Jumatatu alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota. Andika tarehe na kina, basi. Kwenye kisima kirefu chenye pampu, mwombeni fundi awaachie kijibomba cha kupitishia kamba siku anapofunga mashine. Miaka 3 ya daftari hilo ina nguvu mbele ya ofisi ya bonde kuliko barua kumi za malalamiko.

"Maji ni ya Mungu, kulipia ni dhuluma"

Maji ni ya Mungu. Pampu, dizeli, koki na mshahara wa fundi si vya Mungu. Tulishajaribu bure. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi apate maji karibu na nyumbani, na vijijini hakutozwa mtu. Kwetu Finland ilisaidia sana miaka ya 1970 na 1980, pampu za mkono zikajaa vijijini. Mwaka 1991 ulifika na kupita, na pampu nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Sera ya maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyogeuza mambo: watumiaji wachangie uendeshaji. Kwanza mnachangia hata mkiwa mmelala, maana kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Daini hesabu ya fedha hizo. Hilo nitawaunga mkono.

"Kisima kiko shambani kwangu, maji ni yangu"

Shamba ni lako. Maji, kwa sheria ile ile ya 2009, ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Kisima kirefu kinahitaji kibali, na anayekuchimbia anatakiwa awe na leseni.

"Ruvuma imejaa maji, tunaogopa nini?"

Mto Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji. Itifaki ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ya mwaka 2000 kuhusu mito inayoshirikiwa inatutaka tujulishane kabla ya kuchota kwa wingi. Halafu maji yale yako chini, nyinyi mko juu. Rudini kwenye hesabu ya umeme.

"Mita 60 ni kunyang'anya watu mashamba"

Zile mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, ambazo hairuhusiwi kulima ndani yake, zimo katika Sheria ya Mazingira ya 2004. Anayelima mpaka kwenye jicho la chemchemi anavuna misimu michache, kisha kijiji kizima kinakosa maji. Sina la kuongeza hapo.

"Maji ya paa ni ya kusubiria mradi"

Uwandani, maji ya paa ndiyo mradi. Bati la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000, linaangusha lita 40,000. Toa zinazopotea, zibaki 32,000. Sera ile ya 2002 ilisema mtu apate lita 25 kwa siku, kwa hiyo familia ya watu 5 inatumia 125. Gawanya: ni siku 256. Shida ni pa kuyahifadhi, kwani tenki la lita 5,000 ni siku 40 tu. Kwa hiyo serikali isikwepe wajibu hata hapa. Kila shule na kila zahanati inayojengwa iwe na mifereji na tenki kwenye michoro yake, na diwani aulizwe hilo kabla bati halijapandishwa.

Kwa nyumba yako, usisubiri diwani. Mnada wa korosho unaanza Oktoba, mvua zinaingia kati ya Novemba na Desemba. Pesa ya mnada wa kwanza inunue mifereji, na mvua ya kwanza iache imwagike ioshe bati kabla hujafungulia tenki.