Gavana si mkuu wa mkoa

Kila kimbunga kinapoelekea Ghuba ya Mexico, husikika tena kwenye taarifa za habari za Kiswahili: "Mkuu wa mkoa wa Texas ametangaza hali ya dharura." Texas haina mkuu wa mkoa. Ina gavana, na tofauti ya vyeo hivi viwili ni kubwa.

Maana kwa kifupi. Gavana ni kiongozi wa serikali ya sehemu ya nchi, sehemu yenye bajeti yake, sheria zake na baraza la kutunga sheria hizo. Mkuu wa mkoa ni mwakilishi wa Serikali Kuu mkoani, anateuliwa na Rais na anaondoka Rais akitaka. Maana ndiyo hiyo. Kazi iko kwenye historia ya neno, kwa sababu ndiyo inayowapotosha hata wasomi.

Kosa la Texas lina chanzo kinachoeleweka. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la mbunge. Mtafsiri akiandika "jimbo la Texas" anaona kama ametaja Ubungo au Nyamagana, kwa hiyo anakimbilia "mkoa", na ukishaandika mkoa, mkuu wake anakuja mwenyewe. Mkenya hana shida hiyo. Anakumbuka majimbo ya Katiba ya 1963, ambayo kila moja lilikuwa na baraza lake na rais wa baraza hilo: Ronald Ngala Pwani, Daniel arap Moi Bonde la Ufa. Majimbo hayo yalifutwa mwaka uliofuata, na gavana aliyekuja miaka mingi baadaye hakutokana nayo.

Neno "gavana" tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, waliolirithi kutoka Kilatini, *gubernator*, lenye asili ya Kigiriki. Huko mwanzo lilimaanisha mshika usukani wa chombo. Lakini kabla halijafika, Kiswahili kilikuwa na neno lake: liwali. Ni al-wali ya Kiarabu, kiambishi "al" kikibanwa hadi kikawa "li" na kugandana na neno lenyewe, wingi maliwali. Wali ni mwenye kusimamia jambo kwa niaba ya mwingine. Kutoka shina hilohilo tumepata "wilaya", yaani eneo la wali. Nchini Oman hadi leo wilaya inaongozwa na wali, na juu yake yuko muhafidh wa mkoa. Kwa hiyo anayesema "mkuu wa wilaya" anamtaja liwali bila kujua. Kule Kongo mashariki neno halijafa; watu wa Goma na Bukavu bado humwita kiongozi wa jimbo lao liwali.

Liwali alikuwa mtu wa Sultani, lakini utii wake ulitegemea nani anashika ushuru na ngome. Ukoo wa Mazrui wa Mombasa uliwekwa na Oman kuwa maliwali. Utawala wa Muscat ulipoingia mikononi mwa ukoo wa Busaidi katika karne ya 18, Mazrui walikataa kuutambua na wakajitawala mpaka Seyyid Said, Sultani wa Busaidi, alipoushika mji mwaka 1837. Barua ya uteuzi haikubadilika, kilichobadilika ni nani anayeshika forodha. Swali hilo la nani anashika mfuko ndilo linalomtofautisha gavana na mkuu wa mkoa hata leo.

Kisha wakaja magavana wa kikoloni. Dar es Salaam ilimpata Julius von Soden mwaka 1891, gavana wa kwanza wa Kijerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakafuata Waingereza, hadi Richard Turnbull aliyekuwepo Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ikulu ya Dar es Salaam na ya Nairobi zote zilikuwa makazi ya gavana. Gavana huyu wa Kiingereza hakuchaguliwa na mtu yeyote aliyemtawala. Alitumwa na London, na chini yake walikuwapo makamishna wa majimbo, wale PC, waliopokea amri zake na kuzishusha kwa ma-DC, makamishna wa wilaya. Ndiyo maana mtu akisema gavana ni mteule wa mkubwa, hajakosea historia. Amechelewa tu miaka.

Uhuru ulipokuja gavana aliondoka, ngazi ya PC ikabaki. Tanzania ikaigeuza kuwa mkuu wa mkoa. Kenya ikaendelea kumwita PC mpaka ugatuzi, yaani madaraka yalipohamishiwa kaunti. Kwa nasaba ya vyeo, basi, mkuu wa mkoa ni mjukuu wa mtumishi wa gavana. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilichukua jina la bosi wa zamani na kumpa mtu anayepigiwa kura. Magavana 47 wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Gavana wa Kenya anashinda kwa kura nyingi kuliko wengine, hakuna duru ya pili wala sharti la nusu kama kwa Rais. Anagombea na naibu wake, na hawezi kupita vipindi viwili.

Pima sasa kwa mfuko. Katiba ya Kenya inazipa kaunti fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa mwisho, pamoja na ada na kodi za mali zinazokusanywa na kaunti zenyewe. Hata hivyo gavana hachoti. Fedha hazitoki bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, na bajeti hupitishwa na Bunge la Kaunti. Mishahara ya wauguzi ikichelewa, kwanza uliza kama Hazina imetuma mgao, kisha uliza kama kaunti iliwasilisha nyaraka zake sawasawa, ndipo umlaumu gavana. Muswada ukimfikia ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na maelezo ya anachopinga. Wawakilishi wakiupitisha tena vilevile kwa theluthi mbili, hana la kufanya. Akikaa nao siku saba unakuwa sheria bila saini yake.

Yako mengi anayodaiwa yasiyo yake. Hospitali za kaunti ni zake, na pia chekechea, masoko, maji, taka, na barabara ndogo. Shule ya sekondari si yake. Polisi hata mmoja hapokei amri yake, na kamati ya usalama ya kaunti inaongozwa na kamishna wa kaunti, ambaye ni mtu wa Serikali ya Taifa. Huyo kamishna ndiye anayefanana na mkuu wa mkoa wa Tanzania. Ukitaka kulinganisha, linganisha hao wawili. Tena wa Tanzania ana meno zaidi: sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Gavana wa Nakuru akijaribu hilo, atakutana na wakili kabla ya jioni.

Kuondolewa ndiko kunakomaliza ubishi. Mkuu wa mkoa anaweza kusikia habari zake redioni jioni na asubuhi akakabidhi ofisi. Gavana wa Kenya ni safari: hoja iungwe mkono na theluthi moja ya wawakilishi wa wadi, ipite kwa theluthi mbili, kisha iende Seneti, inayokutana ndani ya siku saba na kuweza kuunda kamati ya watu 11 yenye siku kumi za kuchunguza. Baada ya hapo zipo mahakama. Martin Wambora wa Embu aliondolewa na Seneti mwaka 2014, mahakama zikamrudisha, na mwaka 2017 wananchi wakamchagua tena.

Marekani nao waliwahi kumwogopa gavana kwa sababu ya magavana wa Mfalme wa Uingereza. Katiba ya Pennsylvania ya 1776 haikuweka gavana kabisa. Baraza lilishika nafasi yake hadi 1790. Leo magavana wote 50 huchaguliwa, wengi kwa miaka minne, New Hampshire na Vermont kwa miwili. Rais hawezi kumfukuza hata mmoja. Kongo ina mchanganyiko wake: gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo, lakini tangu Mei 2021, chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa dharura wa kijeshi, Ituri na Kivu Kaskazini zimewekewa magavana wanajeshi.

Dar es Salaam, ukisema "gavana" bila kuongeza neno, watu watamfikiria wa Benki Kuu, mrithi wa Edwin Mtei aliyeanza kazi hiyo mwaka 1966. Hiyo ni sawa kabisa, ni cheo kingine chenye jina lilelile. Ila habari ikitoka Austin au Sacramento, andika "gavana wa Texas", "gavana wa California". Na Mtanzania akikuuliza nani mkuu wa mkoa wa Kisumu, mwambie taratibu kwamba Kisumu ni kaunti, kisha mpe majina mawili, la gavana na la kamishna.