Sakafu ya Magerius: chui wanne, mifuko minne

Mosaiki ya Kirumi, yaani picha ya sakafuni iliyopangwa kwa vijiwe, ikiwa na chui aliyechomwa mkuki, macho ya watu hukimbilia damu. Mimi kazi yangu ni kuzisoma sakafu hizi, na damu huiacha mwisho. Kwanza hutafuta majina: nani kaandikwa, nani kaachwa.

Ninayoipenda kuliko zote iko katika jumba la makumbusho la Sousse, Tunisia. Ni sakafu ya Magerius, tajiri aliyegharamia michezo ya kupambana na wanyama uwanjani. Ilifukuliwa Smirat, hukohuko Tunisia, katika miaka ya 1960, na ni kazi ya karibu na katikati ya karne ya 3 baada ya Kristo. Wawindaji wanne wa uwanjani, Spittara, Bullarius, Hilarinus na Mamertinus, wanapambana na chui wanne. Chui nao wameandikwa majina yao: Victor, Crispinus, Luxurius na Romanus. Spittara anapigana akiwa juu ya mironjo, kwa kuwa kuua peke yake hakukutosha. Watu walikuja kuona ufundi. Miungu Diana na Dionysus nao wamo.

Sasa tazama katikati. Kijana amesimama na sinia lenye mifuko minne, na kila mfuko una alama ya dinari 1,000, sarafu za Kirumi. Pande zake mbili yamepangwa maandishi marefu ya Kilatini, na hapo ndipo sakafu inapoanza kusema. Upande mmoja anazungumza mpiga mbiu: mabwana zangu, wapeni Watelegenii dinari 500 kwa kila chui, ndiyo thawabu ya hisani yenu. Watelegenii walikuwa chama cha wawindaji wa uwanjani, mashuhuri Afrika Kaskazini, na walijulikana kwa nembo yao ya hilali juu ya fimbo. Upande wa pili ni kelele za umati: wajao wajifunze kwako, waliopita wasikie, lini imewahi kuonekana shughuli kama hii! Halafu maneno mawili tu: Magerius anatoa. Umati unalipuka: huku ndiko kuwa nacho, huku ndiko kuweza!

Hesabu ni rahisi. Aliombwa 500, akatoa 1,000. Aliyewahi kuona mtu akitunza kwenye taarabu, noti moja moja mbele ya macho ya ukumbi mzima, anamwelewa Magerius bila mwalimu.

Ajabu ni kwamba umati wenyewe haukuchorwa. Hakuna ukuta wa uwanja wala viti, hakuna hata uso mmoja wa mtazamaji. Ardhi ni nyeupe tupu, na maelfu ya watu wamegeuzwa kuwa herufi. Watu huita huo uvivu wa fundi. Mimi naona ni uamuzi: Magerius alihitaji sauti zao, nyuso zao za nini?

Chui kupewa jina si jambo la Smirat peke yake. Mosaiki ya Radès, iliyoko katika jumba la makumbusho la Bardo mjini Tunis, ina dubu wenye majina pia. Mnyama wa uwanjani alikuwa mali ghali, na wengine walikuwa na sifa zao mjini. Tangazo la bei la Kaizari Diocletian la mwaka 301 liliweka ukomo wa dinari 150,000 kwa simba wa Afrika wa daraja la kwanza. Tangazo hilohilo linampa fundi wa mosaiki ya sakafu dinari 50 kwa siku, pamoja na chakula. Yaani simba mmoja ni ujira wa siku 3,000 za mtu anayepanga vijiwe akiwa amepiga magoti. (Bei zilikuwa zimepanda mno tangu enzi ya Magerius, kwa hiyo msilinganishe tarakimu hizi na mifuko yake.)

Linganisheni na Zliten, Libya. Katika mosaiki ya huko kuna mtu aliyehukumiwa kifo, kafungwa kwenye nguzo juu ya kigari kidogo, anasukumwa kuelekea kwa chui. El Djem, Tunisia, pia iko sakafu yenye mateka wanaorukiwa na chui. Hao hawana majina. Hawakukodiwa, na hakuna aliyewaombea malipo. Kanuni ninayoitumia darasani ni hii: katika sakafu za michezo ya Afrika Kaskazini, jina mara nyingi hufuata fedha.

Lakini tusimwamini Magerius haraka. Sakafu ni yake, kailipia mwenyewe, na wageni wake ndio waliokanyaga sifa hizo wakati wa karamu. Waliposhangilia watu kweli, huenda walisema pia mengine ambayo hayakupata vijiwe. Gharama ya kuwakamata chui, kuwasafirisha na kuwalisha haikutajwa popote. Kilichoandikwa ni zile dinari zilizotoka hadharani, na katika hizo ameandika mara mbili ya alichoombwa.