Je, wajua kwa nini herufi nene za mabango huitwa za Kimisri?

Pita Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa jijini Kampala, uangalie mabango yaliyotundikwa milangoni: tamasha, mkutano wa injili, sura ya mgombea ubunge. Hutakosa kuona herufi nene, zilizolala kidogo kuelekea kulia, kila mguu umevaa kisigino cha mstatili kinachokaribia unene wa mguu wenyewe. Kisigino hicho ndicho serifu. Kikiwa bapa na kizito namna hiyo, herufi huitwa za Kimisri.

Nasser alikuwa rais wa Misri, na maji ya Nile yanayotoka Jinja hufika hadi Kairo, lakini herufi hizi hazikupitia njia hiyo. Zilizaliwa London, miaka ya 1810. Napoleon alikuwa ameivamia Misri mwaka 1798, na tangu hapo Ulaya ilishikwa na wazimu wa kila kitu cha huko, kuanzia samani hadi majengo. Vincent Figgins, mmoja wa wa kwanza kuziuza, aliziita Antique, yaani za kale. Jina la Misri ndilo lililoshika.

Zilihitajika kwa sababu ya matangazo. Bahati nasibu na majumba ya michezo ya kuigiza yaligombea macho ya wapita njia, na herufi za vitabuni, hata zikikuzwa, zilibaki na mistari myembamba isiyoonekana kwa mbali. Fundi akainenepesha mistari yote, na visigino navyo. Kisha mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine. Mbao nyembamba huvunjika upesi, nene hustahimili.

Mlazo ni wa zamani zaidi. Aldus Manutius alichapa nao vitabu Venice tangu 1501, akifuata mwandiko wa mkono. Macho yetu huusoma kama mwendo, ndiyo maana unapendeza ubavuni mwa basi.

Kuunganisha uzito, kisigino na mlazo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiilaza herufi kwa kubonyeza kitufe cha kompyuta, mduara wa «o» unanenepa kwenye pembe mbili zinazotazamana na kukonda kwenye mbili nyingine. Mchoraji makini huanza upya: husawazisha mduara kwa mkono, hupunguza visigino vya herufi ndogo, mara nyingine hukiacha kimoja tu mahali palipokuwa na viwili. Mimi hulitambua bango lililolazwa kwa kitufe kwa kutazama «o» zake tu, na huniuma, maana fonti yenye mlazo wake halisi mara nyingi imo humo humo kwenye kompyuta.

Ila usiandikie nazo aya nzima. Zikiwa ndogo, matundu ya «e» na «a» huzibwa na wino, na msomaji huona madoa tu.