Wati 100 si sauti mara mbili ya wati 50
Wapo wapiga gitaa wa Mtwara na Lindi wanaoamini amplifaya ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 100 ina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Sivyo. Tofauti ni desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lisikie sauti kubwa mara mbili zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Mkwaruzo mzito nao hutoka zaidi kwenye valvu ndogo za mwanzo, kwa kawaida 12AX7, si zile kubwa za mwisho. Kwa ukumbi wa kawaida, wati 50 zinatosha (mgongo wako utashukuru): punguza geini (kitufe kinachoongeza mkwaruzo), ongeza sauti za kati, la sivyo ngoma na besi zitakumeza. Ila usiiwashe na kupiga amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.