Chai ya mboji ni nini, na inafanya kazi gani shambani

Chai ya mboji ni maji yaliyolowekwa mboji iliyoiva, yakachujwa, kisha yakamwagiwa shinani au kupuliziwa kwenye majani. Maji hayo hutoka na vitu viwili: virutubisho vinavyoyeyuka upesi, hasa potasiamu na nitrojeni kidogo, pamoja na bakteria na kuvu wanaoishi ndani ya mboji. Si sawa na chai ya samadi, ambayo hulowekwa kinyesi kibichi. Wala si yale maji meusi yanayochuruzika chini ya biwi, yaani lundo la mboji, wakati wa mvua. Hayo yamepita kwenye mabaki yasiyooza bado na yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa.

Wengi hukosea kwa kuifanya mbadala wa mbolea. Tupige hesabu. Pipa la lita 200 huwekwa kilo 20 za mboji. Mboji kavu yenye nitrojeni asilimia 1.5 ina gramu 300 za nitrojeni katika kilo hizo 20, sawa na gramu 650 hivi za urea. Hiyo ni kama yote ingeyeyuka, na haiyeyuki: sehemu kubwa hubaki kwenye machicha. Kwa hiyo machicha yasitupwe, yarudishwe shambani au kwenye biwi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mahindi ya Mbozi na viazi vya Uporoto haviwezi kushiba kwa chai peke yake, na udongo wenye tindikali wa Njombe na Mufindi hautapona bila chokaa. Faida ya chai huonekana zaidi kwenye kitalu, bustani ya mboga na vinyungu (vishamba vya mabondeni penye unyevu), mahali ambapo eneo ni dogo na mmea unahitaji kusukumwa kidogo kila baada ya wiki mbili. Na udongo usio na mabaki ya mimea hauwapi chakula hao bakteria na kuvu, kwa hiyo mboji yenyewe na matandazo hutangulia.

Kutengeneza ni hivi. Chukua mboji iliyoiva kweli: nyeusi, haina joto tena, inanukia udongo wa msituni, na huwezi kutambua jani wala bua ndani yake. Kilo 1 kwa lita 10 za maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza, kwa sababu klorini huua viumbe unaowatafuta. Tia mboji kwenye kiroba safi kinachopitisha maji, funga mdomo, ning'iniza kwenye ndoo au pipa la plastiki lililo kivulini, na ufunike kwa kitambaa bila kubana. Koroga kwa nguvu mara tatu kwa siku, maana kukoroga ndiko kunakoingiza hewa. Siku 5 hadi 7 zinatosha. Baridi ya Juni na Julai, hasa Makete, huchelewesha kazi, basi ongeza siku mbili tatu. Mwenye umeme na pampu ya hewa, hata ile ndogo ya tangi la samaki kwa ndoo moja, humaliza kwa saa 24 hadi 36, ila aitumie chai ndani ya saa chache baada ya kuzima pampu.

Chuja kwa kitambaa, la sivyo bomba la kupulizia la mgongoni litaziba. Ongeza maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, kisha mwagia nusu lita kwa shina, asubuhi au jioni, udongo ukiwa na unyevu. Bomba lililowahi kubeba kiuagugu lisitumike.

Pua ndiyo kipimo. Ikinuka yai viza au choo, hewa iliisha na uozo mbaya umeshika. Usiimwagie mmea, irudishe kwenye biwi, mbali na kisima. Wapo wanaotia molasi, ule uji mtamu mweusi wa kiwanda cha sukari, ili kulisha bakteria; tuwe nayo makini sana: sukari hulisha pia bakteria wa tumboni kama bado wamo kwenye mboji. Kwa sababu hiyo mboga zinazoliwa mbichi zipewe chai kwenye udongo, kamwe si kwenye majani.

Hatari kubwa zaidi huku kwetu ni mnyauko wa bakteria wa viazi. Mabaki ya viazi vilivyonyauka yakiingia kwenye biwi lisilopata joto, chai itausambaza ugonjwa shamba zima, kwani husafiri kwa maji. Biwi lifikie nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa, na ligeuzwe ili sehemu za nje nazo ziingie ndani. Shina la kutilia shaka likate, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, mmea huo usikaribie biwi.