Milimita nne zinazokula bodi nzima

Dada mmoja aliniletea mchoro wa jiko: makabati 12 ya chini, kila moja upana milimita 600, kimo 720, kina 600. Nikamwambia, "Dada, nipunguzie kina kidogo nikuokolee bodi." Akanitazama kama fundi anayetafuta njia ya kukwepa kazi. Ikabidi nimchoree juu ya kipande cha MDF, ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa.

Bodi yetu ni 2440 kwa 1220, unene 18. Kingo za kiwandani siziamini: zimegongwa kwenye lori, kona zimevimba kwa unyevu. Naacha milimita 10 kila upande, nabaki na 2420 kwa 1200. Nakata kwa mashine inayoongozwa na kompyuta (CNC), na biti yake, yaani kisu kinachozunguka, ni ya milimita 6, naongeza 2 za usalama, kwa hiyo kati ya kipande na kipande kuna 8. Sasa laza mbavu mbili, yaani bodi za pembeni za kabati, zenye kina cha 600 pamoja kwa upana wa bodi: 600, 8, tena 600. Jumla 1208. Kila ubavu umezidi milimita 4 tu, na kwa hizo 4 bodi inakupa mbavu 3 badala ya 6.

Kwa kina cha 560 zinakaa mbili kwa upana na tatu kwa urefu, na mwishoni panabaki nafasi ya 236. Humo naingiza vipande vinne vya 564 kwa 100, vile vinavyoshika mbavu kwa juu.

Nisimtishe mteja bure, ile bodi ya mbavu 3 haiendi nusu yake jalalani. Pembeni panabaki ukanda wa 592 na programu inayopanga vipande kwenye bodi inaujaza vitako (bodi za chini za kabati) na rafu. Lakini piga hesabu ya kazi nzima, mbavu 24, vitako na rafu 24. Kwa 600 ni bodi 8. Kwa 560, mbavu zinachukua bodi 4, vitako na rafu vinakaa vinane vinane kwenye bodi 3. Jumla 7. Vile vipande vya juu viko 24, na 22 viliingia kwenye nafasi zilizobaki humo humo. Viwili nikavitoa kwenye masalio ya kazi nyingine.

Kumbe alichotaka dada ni meza ya juu yenye kina cha 600. Kabati la 560 ukiliongezea mlango wa 18 unafika 578, na meza inatokeza kidogo kwa mbele inavyotakiwa. Tukaelewana hapo hapo.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza programu gani inapanga vizuri, nawauliza kwanza wamechora nini. Programu inapanga ulichoipa. Hata mwelekeo wa nyuzi haiujui usipoiambia: kwa bodi iliyofunikwa melamini nyeupe haina neno, ila kwa yenye sura ya mbao itakugeuzia mlango mmoja kulala ili iokoe nafasi, na utaona siku ya kufunga.

Jambo jingine ambalo kwenye skrini halionekani ni vipande vidogo. Meza ya mashine yangu inashika bodi kwa kuvuta hewa kwa chini, na nguvu ya kushika inatokana na eneo la kipande. Ubavu wa 720 kwa 560 una eneo la zaidi ya mara saba ya kile cha 564 kwa 100. Halafu kila mkato ukipenya hadi chini, hewa inavuja hapo, na mshiko wa meza nzima unapungua. Niliwahi kuacha vipande vyembamba vikatwe mwisho, pembeni kabisa mwa bodi. Cha tatu kilicheza, biti ikakidaka, ikavunjika kwa mlio ambao hata jirani wa sofa alitoka nje kuangalia.

Sasa hivi matundu na mifereji hutangulia, bodi ikiwa bado nzima. Kisha vipande vidogo, ambavyo navisogeza katikati kila nikipata nafasi, na mbavu ndizo za mwisho. Vile vyembamba sivikati kwa mpito mmoja wa biti: wa kwanza unaacha ngozi ya nusu milimita kwa chini, wa pili unaimalizia taratibu. Muda unaongezeka kidogo, lakini biti ile ile inanifikisha kwenye bodi ya saba.