Umeizima, Lakini Haijatulia

Jumanne asubuhi nililetewa mashine ya kurusha theluji ambayo feni yake ilikuwa imesokota glavu ya ngozi. Mwenye mashine, mzee wa miaka 60 na kitu, alikuwa amefungwa bandeji kuanzia kidole cha kati hadi kifundo cha mkono. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi karibu na hita. Kisha akaniambia: "Mwanangu, kidole kitapona. Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa nimeizima."

Ni mtu wa nne kuniambia hivyo tangu Novemba. Wa kwanza nilimweleza kwa upole, wa pili pia. Halafu wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp, ikazunguka sauti ya jamaa anayewafundisha wageni: ikiziba, zima, ingiza mkono chapuchapu, toa theluji, washa, endelea na kazi. Watu wakamjibu kwa vidole gumba. Vidole gumba! Ndiyo maana leo nimeacha kabureta mbili mezani nikaja kuandika.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe, "kuzima". Kuzima injini ni kuondoa cheche kwenye plagi, basi. Neno hilo halisemi lolote kuhusu mkanda, wala feni, wala skrubu ya mbele, wala bonge la theluji lililoshindiliwa katikati yao. Mtego wa panya hauna injini, hauna betri, hauna petroli. Umekaa kimya kwenye kona. Nani kati yetu angeuwekea kidole kwa sababu uko kimya?

Wengi wetu hapa Buffalo, jimbo la New York, tulinunua mashine hizi mkononi kwa mtu, bila kitabu chake, na hata kingekuwepo ni cha Kiingereza chenye herufi za mchwa. Tulijifunza kwa jirani. Na theluji ya hapa haikupi muda wa kusoma. Upepo ukipita juu ya Ziwa Erie kabla ziwa halijaganda, unabeba unyevu na kuumwaga juu yetu kwa ukanda mwembamba: mtaa huu umezikwa, mtaa wa pili wanatembea na viatu vya kawaida. Novemba 2022, Orchard Park, mji jirani yetu, ilipata karibu mita 2 kwa siku chache. Hali kama hiyo koleo hailiwezi lundo, na kila mwenye dola chache anatafuta mashine.

Nazungumzia zaidi mashine ya hatua mbili, kwa sababu ndizo zimejaa mitaani kwetu. Skrubu ya mbele huikusanya theluji na kuisukuma katikati, feni iliyo nyuma huipokea na kuitema kupitia bomba. Injini ikiwa kwenye mizunguko yake 3,600 kwa dakika, feni inakwenda kama 1,000, na skrubu 100 na kitu tu, maana kuna giaboksi inayopunguza kasi karibu mara 10. Watu huiona skrubu inazunguka pole wakadhani ni dhaifu. Kasi iliyopungua imegeuka kuwa nguvu. Arthur Sicard, Mkanada wa Quebec aliyeitengeneza ya kwanza mwaka 1925, wazo lake alilitoa kwenye mashine ya kupura nafaka shambani. Yeyote aliyekulia karibu na mashine ya kusaga anajua chombo cha namna hiyo kimeumbwa kuvuta kitu ndani, na hakichagui kama ni hindi au ni shati.

Sasa ifikirie siku yenyewe. Joto liko karibu na nyuzi sifuri, theluji imelowa, nzito kama udongo wa mfinyanzi. Greda la jiji limepita na kuacha ukuta mbele ya njia yako ya gari. Unaingia kwa pupa, mashine inakohoa, bomba linaacha kutema. Injini inakufa yenyewe au unaizima. Hapo feni imesimama kwa kuzuiwa. Ilikuwa bado inataka kwenda, na hiyo "kutaka" lazima iwe imejificha mahali.

Mahali pa kwanza ni mkanda. Ukibonyeza mkono wa klachi, kapi dogo linaukaza mkanda ili feni izunguke. Ukiachia, springi inalivuta kapi pembeni na breki inaishika feni. Hivyo ndivyo inavyofanya mashine isiyo na hitilafu. Mashine ninazoletewa mimi zina waya wa klachi wenye barafu ndani, springi iliyochoka, kapi lililoganda palepale lilipo. Juu umeachia klachi, chini mkanda umebaki umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo yenye blanketi bichi. Ukisimama kwenye mpini huoni chochote. Nimewahi kufungua kava la mashine iliyolala nje usiku mzima, imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa mwenyewe, na nikaukuta mkanda bado umebana.

Mahali pa pili ni ndani ya silinda. Pistoni ikisimama katikati ya mgandamizo, ile hewa iliyobanwa inasukuma kurudi. Hii haikai sana, inavujia kwenye ringi na vali, lakini mtu mwenye haraka ndiye hasa anayeikuta.

Mahali pa tatu ni theluji yenyewe na vile vinavyoibana. Hapa nawasikia wenye mashine ndogo za hatua moja, zile ambazo skrubu yenyewe ndiyo inayorusha, wakisema, "Yangu ni ya mpira, haiumi." Jamani. Mpira ndio unaokunjika ukibanwa na kunyooka ukiachiwa, na umefungwa kwenye chuma kizito. Bonge likitoka, mpira unajirudi na chuma kinakwenda nao.

Kwa hiyo unaingiza mkono, unalichokonoa bonge, linalegea. Ni wewe uliyeufyatua mtego. Feni inakwenda robo ya duara, labda chini ya hapo, kisha inasimama tena kana kwamba haikufanya kitu. Robo inatosha. Kati ya ncha ya feni na ukuta wa chuma kuna nafasi ndogo kuliko unene wa kidole, kwa sababu feni iliyo mbali na ukuta hairushi theluji vizuri. Ubora wa mashine na ubaya wake viko kwenye nafasi hiyo hiyo.

Nitasema pia jambo ambalo vitabu vya mashine havisemi. Mara nyingi mkono hutoka mzima. Ukiwa na mashine nzuri, klachi imeachiwa sawasawa, breki ya feni inafanya kazi, na umengoja, sehemu kubwa ya mvutano huwa imeshatoka kabla hujainama. Vitabu huweka onyo moja kali kwa kila mashine na kila siku, na mtu aliyeingiza mkono mara 30 akabaki na vidole 10 anaona tunamtisha. Nami namwelewa, ushahidi wake anao viganjani. Lakini mara hizo 30 hazimwambii lolote kuhusu ya 31, kwa kuwa ile mara 31 kwa nje inafanana na nyingine zote. Mashine ni ile ile, kimya ni kile kile, ila leo kapi limeganda. Mzee wa Jumanne aliniambia amefanya hivyo majira sita.

Kuna na wale ambao hawakuzima kabisa. Waliachia klachi tu, wakasubiri kidogo, wakaingiza mkono kutoka juu ya bomba. Feni huchukua sekunde kadhaa kutulia, ndani ya bomba kuna giza, injini inanguruma na masikio yamefunikwa kofia. Hao madaktari wa mikono wa huku wanawafahamu vizuri, na wanajua siku wanazokuja: theluji nyingi, nzito, baridi ya wastani.

Mimi nafanya hivi. Naachia klachi zote mbili, ya feni na ya magurudumu. Nazima, natoa ufunguo, nautia mfukoni. Nahesabu hadi kumi polepole. Kisha nachukua fimbo. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina fimbo ya plastiki iliyobanwa juu ya sanduku la skrubu, na robo tatu ya mashine zinazopita mikononi mwangu hazina tena. Imetupwa, imevunjika, mtoto ameifanyia upanga. Mpini wa ufagio wa mbao unafaa kabisa. Nasimama pembeni, nachokonoa, na mkono wangu wote unabaki nje ya chuma, hata kama bonge limebaki dogo kiasi cha kulitoa kwa vidole viwili. Hasa likibaki dogo. Hapo ndipo vidole vinapokwenda.

Vitabu vya mashine vinasema pia uchomoe waya wa plagi kila mara. Hapa sina uhakika tunawatendea watu haki. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, glavu nene, giza la saa kumi na moja alfajiri, nani anachomoa waya kwa kila kizuizi? Tukiwaambia watu sheria wasiyoweza kuishika, wanaitupa pamoja na ile ya fimbo. Kwa hiyo kwa kuchokonoa na fimbo, mimi natosheka na ufunguo. Waya nauchomoa nikienda kugusa chuma kwa mkono: kubadilisha pini (ile inayokatika makusudi ili kuiokoa giaboksi), kukata kamba iliyojisokota, kukagua skrubu. Hapo sibishani na mtu, maana kama mkanda bado umeshika, ukiizungusha feni unaizungusha na injini. Mafundi wenzangu wengine wataniona nimelegeza mno. Huenda wana haki.

Ila mnajua nini kinaniuma zaidi? Vizuizi vingi havikuwa na lazima ya kutokea. Watu wanapunguza moto wa injini ili kuokoa petroli, feni inapoteza kasi, theluji inapanda nusu ya bomba na kukwama. Moto uwe wa juu kabisa. Kinachopunguzwa ni mwendo wa magurudumu. Theluji nzito ichukue kwa nusu ya upana wa mashine. Ukuta wa greda uvunje kwa koleo kwanza, upeleke kidogokidogo. Puliza silikoni ndani ya bomba mashine ikiwa kavu na imezimwa. Na mashine iliyolala kwenye gereji yenye joto, itoe nje ipoe kwanza, kwa sababu theluji ikigusa chuma cha vuguvugu inayeyuka, inaganda, na umeshatengeneza kizuizi kabla ya kufika barabarani. Ukimaliza kazi, iache feni izunguke tupu dakika moja iteme mabaki.

Mengine nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo. Usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu. Bomba lisielekee ukutani kwenye mabomba meupe ya kutolea moshi wa furnesi, ile tanuri ya kupashia nyumba joto, maana ukiyafukia moshi unarudi ndani kwa watoto. Petroli isiongezwe injini ikiwa moto. Skafu ziingie ndani ya koti. Watoto wabaki ndani ya nyumba. Njia yako ikiwa ya kokoto, shusha viatu vya chuma vya pembeni ili skrubu iinuke, isiokote mawe. Kabla theluji haijaanguka, pita uokote magazeti yale ya bure yaliyofungwa kwenye plastiki, ndiyo yanayokata pini kuliko kitu kingine. Na pini zikikatika weka za aina ile ile. Ukiweka bolti ngumu, safari ijayo itakatika giaboksi. Desemba 2022, katika dhoruba iliyoua zaidi ya watu 40 katika kaunti ya Erie, baadhi walikufa kwa moyo kusimama wakiwa kwenye kazi ya theluji, kwa hiyo wazee wenye presha waacheni wapumzike. Kuigeuza mashine ya kilo 100 kwenye barafu si kazi nyepesi.

Jambo la mwisho ni klachi zilizofungwa. Nikiletewa mashine yenye mkono wa klachi uliofungwa kwa kamba au plastiki ili mkono wa mtu upumzike, naikata mbele ya macho yake, na simrudishii mashine mpaka tumeelewana. Klachi ile imewekwa ili ukianguka, kila kitu kisimame. Ukiifunga, ukiteleza kwenye barafu mashine inaendelea bila wewe, au inakurudia.

Mzee nimemtengenezea yake. Glavu imetoka vipande vitatu. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, afanye nini siku fimbo ikishindwa, bonge likiwa barafu tupu. Nikamwambia aiache. Ingoje ipoe, iingize gereji, ilale humo mpaka kesho. Barafu itayeyuka na kudondoka yenyewe sakafuni. Usiku huo gari litalala mtaani na njia itasafishwa kwa koleo na vijana wa jirani. Nimemkatia mpini wa ufagio, nikautoboa tundu, nikaufunga kwenye mpini wa mashine kwa kamba nyekundu, upande wa kulia, ulipo mkono wake mzima.